Kupanda Kibo, Kukwea Mawenzi: Istilahi za Volkeno

Mwalimu wa Ngorongo, Rufiji, ambako hakuna volkeno, hana budi kumweleza mwanafunzi kwa maneno matupu mlima asioweza kumwonyesha. Maneno yakichanganyika, mlima nao huchanganyika. Mfano ulio karibu nasi ni Kilimanjaro, ambao ni volkeno tatu zilizoungana: Shira, Mawenzi na Kibo.

Tofauti ya kwanza ni baina ya kulala na kuzimika. Kibo, wenye kimo cha mita 5,895, ni volkeno iliyolala, kwani ndani ya kreta yake mna matundu yatoayo gesi ya kibiriti. Mawenzi, wenye mita 5,149, ni volkeno iliyozimika. Istilahi hii yapatana na masimulizi ya Wachagga: moto wa Mawenzi ulizimika, akaenda kwa Kibo kuomba kaa, akapigwa hata akabaki na makovu.

Wanajiolojia huyaeleza makovu hayo kuwa ni kazi ya mmomonyoko. Zaha ilipokoma kutoka, yapata miaka nusu milioni iliyopita, mvua na barafu ziliendelea kuutafuna mlima. Majivu na miamba laini vikaondoka. Zikasalia daiki, yaani kuta za zaha iliyogandia ndani ya nyufa. Ndiyo sababu kilele cha Mawenzi kimechongoka kama meno, na ubavu wake wa mashariki umekatwa na makorongo makubwa.

Tofauti ya pili ni baina ya kupanda na kukwea. Kibo hupandwa: njia zake za kawaida humfikisha mtu kileleni kwa miguu. Mawenzi hukwewa, kwa mikono na kamba, kama mkwezi akweavyo mnazi. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo mwaka 1889; Mawenzi, ingawa ni mfupi kwa mita 746, haukufikiwa kileleni hadi mwaka 1912, na Eduard Oehler na Fritz Klute. Ugumu huo ndio uwavutao wakweaji stadi. Lakini mwamba wake ni mbovu, na mawe huporomoka.

Basi mfasiri wa kitabu cha wageni aandikapo “kupanda Mawenzi”, humficha msomaji hatari. Inafaa tuseme kupanda Kibo na kukwea Mawenzi. Volkeno iliyolala na volkeno iliyozimika. Maneno haya tunayo tayari. Lililobaki ni kuyatumia kila moja mahali pake.