Je, Aliyeacha Shule Mapema Aweza Kuwa Mtaalamu wa Sayansi?

Leo nawasalimu hasa wachimbaji wadogo wa Mwakitolyo, mkoani Shinyanga. Swali letu ni hili: mtu aliyeishia darasa la saba, akaingia duarani kutafuta dhahabu, je, aweza bado kuwa mtaalamu wa sayansi?

Kwanza tutazame watu wa zamani. Kamoya Kimeu wa Kenya alikuwa na elimu ya msingi tu. Mwaka 1960 alianza kazi ya kuchimba katika Bonde la Olduvai, nchini mwetu, chini ya Louis Leakey na mkewe Mary. Alijifunza kutofautisha jiwe la kawaida na mfupa uliogeuka jiwe. Mwaka 1964 aliona taya la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu huko Peninj, karibu na Ziwa Natron. Mwaka 1984, magharibi ya Ziwa Turkana, aliokota kipande kidogo cha fuvu katikati ya kokoto. Walipoendelea kuchimba hapo, ikapatikana mifupa mingi ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mwaka 2021, mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake, chuo kikuu kimoja cha Marekani kilimpa shahada ya heshima ya udaktari.

Mwingine ni Jane Goodall, Mwingereza. Alipofika Gombe, Kigoma, mwaka 1960 kuchunguza sokwe, hakuwa na shahada yoyote. Alikuwa amesomea kazi ya ukatibu. Baadaye Chuo Kikuu cha Cambridge kilimpa shahada ya udaktari.

Yafaa tuone jambo walilokuwa nalo wote wawili. Louis Leakey, mtu mwenye jina, aliwaamini na kuwapa kazi. Siku hizi njia hiyo imekuwa nyembamba. Waajiri wengi hutaka cheti kwanza, na mzoefu wa miamba haajiriwi kuwa mjiolojia kwa uzoefu peke yake. Lakini mlango haukufungwa. Umehamia mahali pengine.

Aliyekosa sekondari aweza kusoma kwa njia ya Mtihani wa Maarifa, unaoitwa QT. Masomo hayo hupatikana katika vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na vituo vingine. Akifaulu, hufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Achague masomo ya sayansi, na atafute kituo chenye mwalimu wa kufanya naye majaribio, kwani hapo ndipo wengi hukwama. Akipata alama zinazotakiwa, aweza kuomba chuo chenye masomo ya madini, kuanzia cheti, kisha stashahada, na baadaye chuo kikuu. Ni safari ya miaka mingi, na mwenye familia hapana budi aipangie fedha na wakati.

Je, ujuzi wa duarani ni bure? Hata kidogo. Fikirini marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuosha dhahabu kwa zebaki. Wenye mitambo ya kuchenjua kwa sayanaidi huununua, kwa sababu wajua kuwa dhahabu imebaki ndani. Imebaki kiasi gani? Je, mawe ya kina kimoja huacha nyingi kuliko ya kina kingine? Anayeuza bila kujua huenda anauza fedha yake kwa bei ya mchanga. Anayepima uzito, akaandika tarehe, kina na rangi ya mwamba, kisha akapeleka sampuli maabara na kulinganisha majibu, huyo ameanza kazi ya sayansi. Daftari lake halitachukua nafasi ya cheti, lakini litamfundisha kupima, kuandika na kuuliza, na darasani hatakuwa mgeni.

Sasa zungumzeni kikundini. Moja: nani kati yenu aliacha shule, na kwa sababu gani? Mbili: kituo cha QT kilicho karibu nanyi kiko wapi, na ada yake ni kiasi gani? Tatu: ni jambo gani la mwamba wenu mnaloweza kupima kuanzia wiki hii?