Upweke wa Mwanafunzi na Ari ya Kusoma

Mwanafunzi wa chuo kikuu anaposhindwa mtihani, wengi hukimbilia kusema kwamba hana bidii, au kwamba msingi wake wa sekondari ulikuwa dhaifu. Hukumu hiyo ni nyepesi kuitoa, lakini huenda isiwe ya haki. Uchunguzi uliofanywa huko Marekani katika miaka ya 1970 unatufundisha jambo hilo.

Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Wamarekani weusi wengi walikuwa wakishindwa somo la kalkulasi, yaani tawi la hisabati linalochunguza jinsi viwango vinavyobadilika. Aliyeshindwa somo hilo alifungiwa mlango wa uhandisi na sayansi. Walimu walipoulizwa sababu, walitaja upungufu wa ari, maandalizi hafifu, umaskini, na wazazi wasioihimiza elimu. Uri Treisman, aliyekuwa akisomea shahada ya juu huko, aliamua kuyapima majibu hayo. Kwa muda wa miezi 18 aliwafuatilia wanafunzi 20 weusi na wengine 20 wenye asili ya Kichina, akiwatazama wanavyosoma nje ya darasa.

Dhana zote zile ziliporomoka. Wanafunzi weusi walikuwa na ari kubwa, na wazazi wao walikuwa wamejinyima mengi ili wafike chuoni. Tena, baadhi ya walioshindwa ndio waliokuja na sifa bora zaidi. Tofauti ilikuwa kwingine: kati ya wale 20, 18 hawakusoma kamwe na wenzao. Walitimiza saa 8 hivi kwa juma, kama walivyoagizwa, wakabaki bila kujua kama njia waliyoifuata ilikuwa sahihi. Wenzao wa asili ya Kichina nao walianza kwa kusoma kila mtu peke yake. Lakini baadaye walikutana, wakala pamoja, wakalinganisha majibu na kupimana kwa mitihani ya zamani. Swali lililowashinda wote lilijulikana kuwa ni gumu. Anayeshindwa peke yake, kinyume chake, hudhani kwamba yeye ndiye mjinga.

Hapa ndipo uhusiano wa ustawi wa kijamii na ari unapodhihirika. Ari si akiba ambayo mtu huingia nayo chuoni na kuitumia hadi iishe. Ni kama moto wa kuni: kinga kimoja kikitengwa na vingine, huzimika upesi.

Mwaka 1978 Treisman alianzisha warsha. Hazikuwa madarasa ya kuwainua wanyonge; wanafunzi walipewa maswali magumu kuliko ya kawaida, wakayajadili katika vikundi vidogo. Wanafunzi weusi walioshiriki walifaulu kuliko weusi wenzao wasioshiriki, na kwa wastani wakawapita hata wanafunzi wa makundi mengine.

Hata hivyo, kukusanyika tu hakutoshi. Kikundi cha kunakili majibu hudumaza fikra. Sharti kila mmoja ajitahidi kwanza peke yake, kisha aeleze hoja zake mbele ya wenzake na kukubali kusahihishwa.

Desturi hiyo yaweza kujengwa tangu sekondari, kabla kijana hajafika ugenini chuoni. Basi mwalimu, kabla hajaandika katika ripoti kwamba mwanafunzi hana bidii, yafaa aulize kwanza: kijana huyu husoma na nani?