Kuvunja Zege Nyumbani: Gharama Iko Kwenye Uzito

Makala ya ujenzi, sehemu ya tatu

Katika sehemu mbili zilizopita tulieleza jinsi zege linavyochanganywa na linavyokomaa. Leo tunageukia kazi ya kulitoa. Mwenye nyumba wa Mikocheni, Dar es Salaam, anataka sakafu ya uani iondolewe apate nafasi ya kuchimba shimo la majitaka. Wa Tandale anafukuzia bomba linalovuja chini ya jamvi, yaani zege la sakafu. Wote wawili humuuliza fundi swali moja: mita ya mraba unavunja kwa shilingi ngapi? Swali hilo halimfai muulizaji, maana eneo halionyeshi uzito, na uzito ndio utakaolipiwa.

Tupige hesabu. Mita moja ya ujazo ya zege la kawaida ina tani 2.4 hivi. Ua wa mita 5 kwa 6 wenye zege la sentimita 10 una mita 3 za ujazo, yaani tani 7.2. Unene ukiwa sentimita 15, eneo ni lilelile lakini mzigo unafika tani 10.8. Fundi aliyekubali bei kwa kutazama juu tu atazikuta hizo tani 3.6 za ziada akiwa tayari kazini, na hapo ndipo ugomvi huzuka: atadai nyongeza, au ataacha kazi nusu. Ni afadhali zege litobolewe mahali pawili au patatu kabla ya kupatana bei, katikati na pembezoni pia, kwa kuwa kingo mara nyingi humwagwa nene kuliko kati.

Ugumu nao una bei yake. Jamvi la uwiano wa 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto) huachia upesi kwa nyundo na mtaimbo. Zege la 1:2:4 lililomwagiliwa vizuri, lenye kokoto ngumu kama zile za Lugoba, huwachosha vibarua na kulazimisha mashine ya kuvunjia, pamoja na jenereta au kompresa yake. Ndani yake mkiwa na wavu wa chuma au nondo, kazi inabadilika kabisa: vipande vilivyokwisha kupasuka bado vinashikana, na kila mahali lazima chuma kikatwe kwa grainda. Visahani vya kukatia huisha haraka. Fundi ambaye hakuulizia chuma mapema hajapiga hesabu yake vizuri.

Lakini kinachopuuzwa kuliko vyote ni njia ya kutokea. Mikocheni lori linaweza kurudi nyuma hadi getini. Tandale au Manzese, kati ya nyumba na barabara kuna uchochoro ambao toroli lenyewe hupita kwa shida. Toroli likibeba kilo 80, zile tani 7.2 ni safari 90. Uchochoro ukiwa na mita 40, kwenda na kurudi ni kilomita 7.2 za kusukuma, nusu yake na mzigo, juani. Ndiyo maana sakafu mbili zinazofanana zinaweza kuwa na bei zilizoachana mbali, na anayelipa kidogo si kwamba amepata fundi mwaminifu zaidi. Mwenye nyumba anayembana kibarua kwenye kipengele hiki anamdhulumu mtu jasho lake.

Kisha kuna swali ambalo wateja wengi hawaulizi: kifusi kinakwenda wapi? Zege likivunjwa huumuka, na zile mita 3 za ujazo huweza kujaza nafasi ya mita 4.5 garini. Kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kitalazimika kurudi mara nyingi. Lori la tani 7 halimalizi kwa safari moja bila kuzidisha uzito. Bei ya chini ajabu mara nyingi maana yake ni kwamba kifusi kitamwagwa usiku bondeni au mtaroni. Jiji hili linalijua bonde la Jangwani, na linayakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, ambayo baada yake familia zilihamishiwa Mabwepande. Kila tipa la kifusi linalomwagwa kando ya Mto Msimbazi linaupunguzia mto njia. Nafuu ya namna hiyo inalipwa na mtu mwingine, mara nyingi maskini kuliko aliyeipata.

Ipo nafuu ya halali. Kifusi safi, kisicho na udongo wala mbao, kikipondwa na kushindiliwa vizuri huchukua nafasi ya mawe chini ya jamvi jipya. Kwa hiyo mwenye mpango wa kumwaga tena asilipe kwanza kukiondoa. Nondo nazo hununuliwa kwa kilo na wafanyabiashara wa chuma chakavu. Mkubaliane mapema fedha hiyo ni ya nani.

Pasipofaa kubana matumizi ni penye nguzo, boriti, au msingi ulioungana na wa jirani. Hapo mhandisi aje kwanza, na mashine nzito isimame, kwani mtikisiko wake unaweza kupasua ukuta usiokuwa wako. Mabomba na nyaya za umeme vitafutwe kabla ya pigo la kwanza. Zege limwagiwe maji wakati wa kuvunja, na wavunjaji wavae barakoa: vumbi lake lina silika, ambayo huharibu mapafu taratibu bila mtu kujua. Maji, barakoa na miwani viandikwe kwenye mapatano pamoja na unene uliopimwa, chuma kilichoonekana, na mahali kifusi kitakapopelekwa.

Itaendelea: kushindilia udongo kabla ya jamvi jipya.