Zile 'Kofia' za Chuma Kwa Milango ya Masonko wa London Si Urembo, Kazi Yake Ni Hii

Kama wewe ni wa kuangalia video za watu wakitembea London, siku moja acha kuangalia magari, angalia milango. Pale Berkeley Square, mtaa wa masonko tangu jadi, nyumba kadhaa za zamani zina vitu vya chuma kando ya mlango, umbo kama faneli, mdomo ukiangalia chini. Wengi hudhani ni urembo. Zii!

Hizo zilikuwa za kuzima moto. Kabla taa za gesi zianze kuwaka Pall Mall mwaka wa 1807, usiku London ilikuwa giza ngori. Sonko akitoka kwa sherehe na gari lake la farasi, kijana alitangulia mbele na mwenge kumulika njia. Wakifika, kijana anasukuma mwenge ndani ya ile faneli, moto unakufa, analipwa sarafu ya robo peni, anarudi gizani kusaka mteja mwingine. Hasla ni hasla. Wengine walisemekana kuwa na mbogi ya wezi: anakumulika vizuri mpaka kwa kichochoro, halafu ghafla mwenge unazimika. Unabaki na nani?

Sasa shusha macho. Kile kichuma kando ya ngazi ni cha kukwangua viatu. Farasi mmoja huangusha kinyesi kilo 15 hivi kwa siku, na mji ulikuwa na maelfu yao. Bila hicho chuma, zulia la mwenye nyumba lingeisha.

Kuna pia mawe ya kupandia farasi. Waterloo Place, nje ya klabu ya Athenaeum, kuna moja lina maandishi kwamba liliwekwa mwaka wa 1830 kwa matakwa ya Duke of Wellington. Ndiyo, yule jenerali aliyemchapa Napoleon. Wakati huo alikuwa amegonga miaka 61, na kuruka juu ya farasi si mchezo kwa buda wa rika hiyo.

Lakini utamu uko nyuma ya nyumba. Masonko hawakutaka harufu, kwa hivyo farasi na magari yalifichwa kwa vichochoro vya nyuma, vinavyoitwa 'mews'. Chini walilala farasi, juu nyasi kavu, na kando ya hizo nyasi ndiyo ilikuwa keja ya dereva na familia yake, wakivuta harufu ya zizi usiku kucha.

Magari ya petroli yalipokuja, mazizi yakabaki matupu, yakageuzwa nyumba. Leo keja kama hiyo pale Mayfair au Belgravia inauzwa mamilioni ya pauni, na bado utaona ule mlango mpana wa chini, na juu yake kijimlango ambacho nyasi za farasi zilipitishiwa.