Mbona Taifodi Siku Hizi Haisikii Dawa? Jibu Liko Kwa Jeni

Stori unaijua. Homa siku tatu, kichwa inagonga, tumbo imekataa hata chai ya rangi. Unaingia kemisti ya mtaa, unatolewa damu kidogo, dakika chache unaambiwa, "Uko na taifodi, na imepanda sana." Unaandikiwa siprofloksasini, ile sisi wote tunaita sipro. Mfukoni uko na soo mbili tu, so unabeba nusu dozi. Siku ya pili ukiskia uko fiti, zilizobaki unaweka kwa droo. Usijifanye, hata mimi nimefanya hivyo.

Sasa cheki vile mambo huenda huko ndani.

Salmonela, bakteria inayoleta taifodi, ikitaka kuzaana lazima kwanza ikunjue DNA yake, ambayo imejisokota kama earphone ukitoa mfukoni. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya fulani, mchukulie kama fundi. Sipro huja ikamkamata huyo fundi, kazi inasimama, bakteria inakufa. Lakini jeni inayomtengeneza huyo fundi, gyrA, ikibadilika herufi moja tu mahali fulani, sipro inakosa pa kushika vizuri. Herufi moja, msee! Zikibadilika mbili tatu, hiyo tembe ni kama umemeza chaki.

Na dawa haifundishi bakteria ujanja. Hayo mabadiliko hutokea kimakosa tu bakteria ikijinakili. Kile dawa hufanya ni kufagia zile zinyonge na kuachia ile sugu ploti yote ijenge.

Hiyo ni njia ya kwanza, na ni ya polepole. Ya pili ndiyo hunitoa jasho. Bakteria huwa na viduara vidogo vya DNA vinavyoitwa plazimidi, na hurushiana kama vile tulikuwa tunarushiana ngoma kwa Xender. Si lazima ziwe ndugu. Kuna bakteria inaitwa E. coli inayoishi kwa matumbo yetu sote, mara nyingi bila noma. Kila ukimeza antibiotiki ambayo hukuhitaji, E. coli sugu ndizo zinabaki, na zinakaa hapo na plazimidi zao zikingoja mgeni.

Hivyo ndivyo ilitokea Hyderabad, ile ya mkoa wa Sindh, Pakistan. Kuanzia Novemba 2016 madaktari huko walianza kuona taifodi isiyosikia karibu chochote. Dawa za zamani kama kloramfenikoli, ambayo imetibu taifodi tangu 1948, zilishagonga mwamba kitambo. Sipro, zii. Hata seftriaksoni, ile sindano ya hospitali unadungwa mambo ikiwa mbaya, haikufanya kitu. Wanasayansi waliposoma jeni za hiyo bakteria walipata imebeba plazimidi inayofanana na za E. coli, na ndani yake jeni inaitwa CTX-M-15. Hiyo jeni hutengeneza kimeng'enya kinachokata seftriaksoni kama mkasi kabla haijafanya kazi. Dawa ya kumeza iliyobaki ikifanya kazi ilikuwa moja, azithromisini.

Kama unadhani hayo ni ya Pakistan, ngoja. Taifodi ya Hyderabad ni ya ukoo unaoitwa H58, na ukoo huo huo ndio umejaa kwa sampuli za wagonjwa wa taifodi hapa Nairobi. Halafu 2015 watafiti waliripoti Salmonela kutoka kwa wagonjwa Wakenya ikiwa na hiyo hiyo CTX-M-15. Hiyo haikuwa ya taifodi, ni binamu yake anaitwa ST313, ambaye huingia kwa damu ya watoto wadogo wenye malaria au utapiamlo, na watu wanaoishi na HIV. Mtoto kama huyo hana wiki ya kujaribu dawa moja baada ya nyingine.

Turudi kemisti. Kile kipimo cha haraka, Widal, hakitafuti bakteria yenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari wa mwili, na hao wanaweza kuwa walibaki kutoka vita ya kitambo. Ndiyo maana mtaani kila mtu ako na taifodi kila mwezi. Kipimo cha maana ni kuotesha damu maabara. Huchukua siku kadhaa na doo pia, lakini bakteria ikiota wanaijaribu na dawa tofauti, unaambiwa ni gani bado inaiua.

Kuna chanjo pia. Kenya ilianza kuwapa watoto Julai 2025, kuanzia miezi tisa hadi miaka 14. Mimi na wewe umri ulikuwa ushatupita, lakini yule mdogo wako nyumbani alikuwa kwa bracket.