Haki Zinazokuja na Ndoa

Katika kata ya Miyuji jijini Dodoma, kama kwingineko Tanzania Bara, nyumba ya wanandoa hulindwa na kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kinachomzuia mume au mke kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, hata kama kiwanja kimeandikwa jina la mmoja tu. Ndoa ikivunjika, kifungu cha 114 huipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa pamoja, na tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kazi za nyumbani huhesabiwa kuwa mchango katika kuichuma. Hata wasiofunga ndoa wamekumbukwa, kwani kifungu cha 160 kimeweka dhana ya ndoa, yaani mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi, wakajulikana kwa watu kuwa mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Wapenzi wa jinsia moja hawamo katika ulinzi huo, kwa sababu kifungu cha 9 kinaitambua ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, na kwa wanaume wawili hali ni nzito zaidi, maana kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha maisha au kisichopungua miaka 30 kwa tendo lenyewe. Aliyeishi na mwenzake miaka 20 hawezi kuileta miaka hiyo mahakamani kama ushahidi wa haki yake bila kujitia hatarini. Uchungu wa hali hii huonekana hasa msibani, pale ukoo unapokaa kikao cha kupendekeza msimamizi wa mirathi, na muhtasari wenye saini za ndugu ukapelekwa Mahakama ya Mwanzo, huku aliyemuuguza marehemu akihesabiwa kuwa mpangaji au rafiki tu.

Wakurya wa mkoa wa Mara wana desturi ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari ya ng'ombe na kumwoa mwanamke mwingine, na watoto atakaowazaa huyo na mwanamume huwa wa nyumba ya aliyeoa. Desturi hiyo si ya mapenzi baina ya wanawake hao, na kuichukulia hivyo ni kuipotosha. Hata hivyo inafundisha jambo kubwa, kwamba jamii hii hii iliona umuhimu wa kumpa mtu mrithi na mlinzi wa uzeeni kwa njia ya ndoa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua mwaka 2011 ndoa ya namna hiyo ya Wanandi katika shauri la mirathi.

Kwingineko sheria imebadilika. Afrika Kusini iliruhusu ndoa za jinsia moja mwaka 2006. Nchini Marekani, Edith Windsor alidaiwa zaidi ya dola 363,000 za kodi ya mirathi baada ya kufiwa na mkewe, Thea Spyer, kodi ambayo mjane wa mwanamume asingedaiwa, na Mahakama ya Juu ilimpa haki mwaka 2013.

Nchini Tanzania, walio katika hali hii wamebakiwa na kuandikisha kiwanja kwa majina mawili, kila mmoja na hisa yake, na kuandika wosia, hati ambazo zinaweza kuokoa nyumba lakini haziwezi kumfanya mtu atambulike kuwa mfiwa.