Sura ya Rafiki kwa Maganda ya Mgomba

Katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, ambako mgomba huonekana nyuma ya nyumba nyingi, imo hazina ya rangi ambayo wengi wetu huiacha ioze. Hebu, msomaji, litwae ganda kavu la mgomba ulitazame kwenye mwanga. La nje ni la kahawia iliyokoza, pengine karibu na nyeusi. La ndani, likikaushwa upesi, hupauka mfano wa siagi. Mafundi wa nchi za Maziwa Makuu, toka Bukoba hadi Burundi, hubandika kwa maganda hayo picha za vijiji na za akina mama wenye mitungi, wakawauzia wageni. Picha tunayoieleza leo haiuzwi. Ni ya mtu mmoja, nayo hubeba imani yake.

Kazi huanzia kwenye jina. Majina ya Waha, kama ya jirani zao Warundi, mara nyingi ni sala fupi zenye kumtaja Imana, yaani Mungu. Aitwaye Nshimirimana amebeba shukrani; Habonimana hukumbusha kuwa Mungu ndiye aonaye. Huyo wa kwanza mpatie kikapu cha mavuno mikononi. Wa pili usimwekee jicho kubwa juu ya kichwa, maana litamtisha yeye na watoto wake. Nuru ipenyayo mlangoni yatosha. Mkatoliki, kadhalika, anaye somo wake wa ubatizo, na picha ndogo ya mtakatifu huyo yaweza kukaa pembeni.

Hapa yafaa tahadhari. Waanglikana, ambao Dayosisi yao ya Tanganyika Magharibi ilianzishwa mwaka 1966 na makao yake yako Kasulu, wengi wao hawana mazoea ya sanamu za watakatifu. Rafiki Mwislamu hatapenda sura ya mtume yeyote, na huenda hata yake mwenyewe asiitake ukutani. Basi ulizia kwanza, hata kama mshangao utapungua. Picha ambayo mwenyewe atalazimika kuificha akija shehe au mchungaji imekwisha kuwa mzigo.

Maganda yakaushwe kivulini, kisha yalazwe siku kadhaa kati ya magazeti chini ya jiwe, yakikunjamana hayashiki. Uji mzito wa unga wa muhogo ni gundi njema na rahisi, ila mende nao huupenda. Kata kwa wembe kufuata nyuzi. Shavu lililoelekea mwanga lipate ganda jeupe, chini ya kidevu pakolezwe. Asiyejua kuchora abandike fotografia ya uso, halafu nguo na mandhari avitengeneze kwa maganda.

Lakini fotografia hiyo iwe nakala. Wilaya hizi zimewapokea watu wengi waliovuka mpaka mikono mitupu: Wakongomani katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, na Warundi katika kambi ya Nduta, iliyofunguliwa tena mwaka 2015. Kwa mtu wa namna hiyo picha moja iliyochakaa yaweza kuwa ndiyo pekee iliyosalia ya mama yake. Wembe usiiguse kamwe, hata akikuruhusu kwa moyo mweupe.

Tangu mwaka 2017 Warundi wengi wamerejea kwao kwa mpango wa hiari, na urafiki uliojengwa kisimani au shuleni umekatizwa na safari hizo. Kwa rafiki anayeondoka, picha isizidi ukubwa wa daftari. Kioo kiachwe, hakitafika salama. Badala yake sugua juu ya maganda nta ya nyuki kidogo sana kwa kitambaa laini, na Kibondo, nchi ya warina asali, nta haiwi shida. Nyuma ya kadibodi andikeni majina yenu wawili, kijiji na tarehe, kwa kalamu ya risasi, kwa kuwa wino wa kawaida huchuruzika mvua ikiukuta njiani.